Mwendo wa Saa Tatu, Dubai Hadi Mumbai

Mama yangu,

Daktari amesema moyo wangu hauna muda mrefu, kwa hiyo nakuandikia kabla hatujaonana. Sitaki uyasikie haya kwanza kwa Rajabu.

Unakumbuka siku ile sebuleni kwetu Buyenzi, Rajabu amevimba miguu, hawezi tena kuingia chini ya gari? Mkewe Zaituni alikuwa amepimwa, damu yake haikulingana na ya mumewe. Nikasimama mbele ya wote nikasema mdogo wangu atapata figo langu moja. Ulinishika kichwa ukanisomea dua. Rajabu akacheka, akasema figo la mwalimu litamfanya aanze kusahihisha watu gereji.

Tulisafiri watatu, mimi, Rajabu na mkewe, hadi Dubai. Wao wakaendelea Mumbai hospitalini. Mimi nikabaki siku mbili kwa binti yangu, ndivyo tulivyopatana. Siku ya tatu sikuondoka. Wala ya nne. Nililala nikijipapasa ubavu, nikiwaza kisu. Viza ya India ilikuwamo katika pasipoti yangu, na ndege zilikuwa zikiondoka kila siku.

Ukanipigia simu. Rajabu amezidiwa, ulisema, ananiulizia. Ukataka kujua huko ni mbali kiasi gani. Nilifundisha jiografia miaka thelathini, Mama. Ni kilomita kama elfu moja na mia tisa, sehemu kubwa juu ya bahari, mwendo wa saa tatu. Nikakuambia Asia ni pana, ni safari ya siku mbili, na ndege za kubadilisha njiani.

"Basi usijichokeshe, baba," ukasema. "Mungu atamushika mpaka ufike."

Alikufa kesho yake. Alioshwa na kuvikwa sanda na watu wasiomjua, na mimi niliyestahili kummwagia maji nilikuwa Dubai nakunywa chai. Kwenye matanga walikuuliza kwa nini kaka mtu hakuwapo Mumbai. "Mumuache mwanangu," ukawajibu. "Kule ni mbali, siku mbili angani." Ulimwambia hivyo kila aliyeingia. Nilikaa jamvini kando yako, nikisikia uongo wangu ukitoka katika kinywa chako ambacho hakikuzoea kusema uongo.

Pengine angekufa hata kama ningefika. Vipimo huchukua muda. Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Lakini angekufa akiniona.

Leo asubuhi Zaituni ameniletea uji, kama afanyavyo tangu miguu yangu ilipokataa. Nikamwambia haikuwa siku mbili. Aliendelea kuupoza uji kwa kijiko.

"Shemeji, mi nilijua. Ndege ile si nilipanda? Tulikula, wakaondoa sahani, tukashuka."

Nikamuuliza mbona alinyamaza siku zile za matanga. Akasema ulikuwa umebaki na mtoto mmoja tu, na yeye hakuwa na moyo wa kukunyang'anya huyo naye. Kisha akaninywesha uji mpaka ukaisha, akanifuta mdomo. Neno la msamaha hakulitamka, nami niliona haya kumwomba.

Kwako ninaliomba. Ukininyima, nitaelewa. Ila wakinitaja huko mliko, wewe na Rajabu, nakusihi usinitetee tena.

Nakuaga kwa leo, Mama, si kwa muda mrefu.

Mwanao wa kwanza