Taa za Nyuma Zimefifia, na Binti Yangu Ndiye Aliyejua Sababu

Mpendwa mshauri, salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, hata mke wangu anajua, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo siku ya tatu, kwa sababu shule niliiachia darasa la tatu na anayeniandikia barua siku zote ni binti yangu, na safari hii habari ni zake yeye, sasa ningemwambia aandike nini?

Mimi ni fundi wa rangi za magari. Wanasema nimestaafu, sawa, waseme. Miaka thelathini na minane nimepuliza rangi, na ukikutana na gari la zamani ambalo unaweza kujitazama mlangoni mwake ukanyoa ndevu, hilo limepita kwangu, usiulize mara mbili. Mafundi wengine wavivu, wanabandika karatasi kuzunguka taa wanapuliza juujuu basi. Mimi nafungua taa zote, natoa mpaka mpira wake, napiga msasa, napuliza mpaka ndani ya tundu la bolti, tabaka nne, zikikauka ndiyo narudisha taa mahali pake. Bati halibaki uchi hata pa kuweka kidole. Ndivyo nilivyowafundisha wote waliojifunza kwangu na ndivyo ninavyosifiwa.

Gari langu mwenyewe nililinunua kabla sijaoa, lina pua ndefu na taa za nyuma za mviringo, mbilimbili kila upande. Mwaka jana nililivua lote nikalipiga rangi upya, krimu juu, kijani kizito chini, na mshauri, watu walikuwa wanasimama njiani, nasikia mmoja aligonga nguzo akiliangalia, sikumwona lakini sikushangaa.

Basi tangu hapo taa za nyuma zikafifia. Zinawaka kama kaa linalotaka kuzimika. Ukiwasha indiketa ya kulia, zote zinakonyeza kidogokidogo kama mtu mwenye usingizi, na ukikanyaga breki indiketa inasimama kabisa. Nikaweka balbu kubwa zaidi, zikayeyusha kifuniko kimoja na mwanga ukabaki uleule. Nikaweka betri ya lori, haikukaa vizuri, nikaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, mwanga uleule. Nikasema basi, gari ni zee, hata mimi macho yangu hayawaki kama zamani, tutaendelea hivyohivyo.

Tukaendelea mpaka siku tuliyotoka kumtazama shemeji yangu, jua linazama, mke wangu amekaa kiti cha nyuma kama bosi, ndivyo anavyopenda, na mimi nimewasha indiketa nakata kona ya kuingia nyumbani. Nyuma yetu kulikuwa na gari la mikate. Nilisikia matairi yanalia na kreti zinaanguka. Lilisimama kwenye bampa yangu, kama shibiri moja hivi kutoka kisogo cha mke wangu. Dereva akashuka, akaniambia, "Mzee wangu, ukitaka kukata kona, si ungepiga hata mluzi!" Nikamwambia indiketa nimewasha. Akazunguka nyuma akainama, akatazama taa kwa muda, akasema, "Hii? Hii umewasha?"

Mke wangu akachukua mkoba wake akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu, na mpaka leo hajapanda tena.

Ndiye aliyempigia simu binti yetu. Huyu binti ni fundi umeme wa magari, ana gereji yake na wanaume wanne wanamwita bosi, na mkono huo nilimpa mimi, alikuwa ananishikia tochi tangu akiwa mdogo. Akaja Jumamosi na taa yake ya kupimia, akalala chini ya buti, akapima hapa, akapima pale, akatoka ana vumbi mpaka kwenye nyusi. "Baba, balbu nzima, waya nzima. Shida iko hapa taa inapokaa. Umeme ukishawasha balbu unatakiwa urudi kupitia bati la bodi. Wewe umeweka rangi tabaka nne katikati ya taa na bati. Unarudi vipi?"

Nikamwambia, "Rangi yangu haijawahi kuwa shida ya mtu."

"Basi tukwangue kidogo tu, chini ya taa, hapaonekani." Na tayari ana msasa mkononi, amefungua bolti moja.

Mshauri, sijui nilipandwa na nini. Nilimnyang'anya ule msasa. Majirani walikuwa wamesimama pale uani, jirani fundi cherehani na wanawe wote, nikasema kwa sauti ili wasikie, "Nenda kakwangue magari ya wateja wako! Mimi sifundishwi rangi na mtu niliyemfundisha kushika bisibisi!" Akairudisha bolti, akaikaza vizuri, akakusanya vyombo vyake akaondoka, na chai aliyomiminiwa na mama yake akaiacha imejaa. Leo wiki ya tano. Shikamoo yangu inakuja kwa simu ya mama yake. "Mwambie baba shikamoo." Na mimi niko kiti cha pili tu hapo, namsikia.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumanne iliyopita mke wangu alikwenda kliniki. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja nikagusisha kwenye kitako cha taa, ncha ya pili kwenye bolti ya bampa ambayo haina rangi. Taa iliwaka nyekundu mpaka kiganja changu kikawa chekundu. Nikautoa waya, ikafifia. Nikagusisha tena. Nilifanya hivyo kama mara kumi, kisha nikauficha waya.

Kwa hiyo yuko sahihi. Na kama yuko sahihi kwenye gari hili, basi na magari mengine yote niliyopuliza hivyo, maana wenyewe walikuwa wanarudi, "fundi, taa zimefifia", na mimi nawajibu kaone fundi umeme, mimi ni rangi. Hilo linaninyima raha.

Nilichofikiria ni hiki: nikwangue mwenyewe kimyakimya, taa ziwake, halafu niseme nimepata balbu nzuri zaidi. Mke wangu atapanda, binti atasikia gari limepona, ataanza kuja, na hakuna atakayeniona nimeshindwa. Naomba uniambie kama ni sawa. Ukisema ni sawa nitakwangua kesho. Mimi baba yake siwezi kwenda kumpigia magoti mtoto.

Ni mimi, Mzee wa Rangi.

JIBU

Mzee wa Rangi, shikamoo. Nimekusalimu kwa heshima zote, sasa nivumilie.

Si sawa. Usikwangue.

Pole kwa ile kona, na mshukuru dereva wa mikate kwa miguu yake myepesi. Najua pia si rahisi mtu wa miaka thelathini na minane kazini kusimama peke yake uani na kuona taa inamjibu. Wengi wangeutupa waya na kujidanganya. Wewe uliujaribu mara kumi, ukaniandikia ukweli. Hapo nakupa heshima yako.

Lakini baba yangu, unataka kufanya nini? Binti yako amelala kwenye vumbi akagundua ugonjwa wa gari lako kwa muda usiotosha kunywa chai, ukamfukuza mbele ya watu, na sasa unataka kuchukua dawa yake uitumie kisirisiri na sifa uipe balbu! Yeye ni fundi umeme. Utamdanganya nani? Atazitazama taa zako mara moja tu na atajua ulichofanya, na hapo ndipo utakapokosa hata ile shikamoo ya simu.

Tena hakuna aliyekuomba upige magoti. Hayo umeyaleta wewe. Nimesoma barua yako mara mbili, binti alichoomba ni kukwangua kidogo tu.

Nilimwonyesha barua yako fundi anayetengeneza magari ya hapa ofisini. Alisema kwa unavyoieleza rangi yako ni safi sana, ila imekwenda mahali pasipo pake. Chini ya kila taa panatakiwa pabaki bati tupu, duara la ukubwa wa nati, lipakwe grisi kutu isiingie. Hayo tu. Kijani chako hakiguswi. Balbu za saizi yake zirudi, na hiyo betri ya lori, tafadhali, itoe kabla haijakuletea barua nyingine.

Kuanzia leo gari lisitoke uani. Si kwa kwenda sokoni, si kwa kuonyesha watu.

Kesho asubuhi vaa shati safi, panda basi uende gereji kwa binti yako. Utawakuta wale wanaume wanne. Usimwite pembeni. Ulimfokea mbele za watu, kwa hiyo na hili liseme mbele za watu: ulijaribu waya Jumanne, taa ikawaka, na yeye ndiye aliyepatia. Usiongeze "lakini". Usiwasimulie nani alimfundisha kushika bisibisi, wanajua. Kisha mwombe aje Jumamosi, mchana, fundi cherehani akiwepo, na akifika mpe msasa kwa mkono wako, ushike tochi wewe.

Yale magari mengine, kaeni wawili mkumbuke ni ya nani na nani. Kila mwenye gari unayemkumbuka mwambie alilete. Wewe utafungua taa bila kuharibu rangi, maana hilo unaliweza kuliko mtu yeyote, binti atakwangua na kupima. Kuna watu nyuma ya magari hayo, na kuna wake za watu wamekaa viti vya nyuma.

Mkeo usimwombe apande. Washa indiketa, mwite asimame nyuma ya gari atazame mwenyewe, halafu mwachie aamue.

Na ukiwa pale gereji, ukishamaliza kusema, binti anaweza kukaa kimya. Mwache. Usijitetee, usitanie, usiondoke. Simama hapohapo mpaka akuamkie mwenyewe.