Mluzi wa Langoni

Jumatatu, 3 Machi
Jicho la kulia limefunga duka kabisa. La kushoto linauza kwa mkopo. Ndiyo maana herufi zangu kubwa kama viatu. Shule sikuiona hata mlango wake — mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye aliyenifundisha kuandika, jikoni, kwa kipande cha mkaa. Sasa kanianzishia somo jipya: ndege. Kanijazia sauti zao kwenye simu yangu. Eti Mama, usikae kutwa unasikiliza ugomvi wa majirani. Mbona majirani ni watamu zaidi!

Jumatano, 5 Machi
Nimewashika wawili. Tetere — analia kama mtu aliyenyimwa. Dudumizi — kama maji yanayomiminika kutoka chupa ya shingo nyembamba, du-du-du-du. Huyo wa pili mkwe alinirudishia mpaka nikamwota. Kunguru simhesabu, hata kiziwi anamjua.
Fundi Redio, jirani yangu, kapita akicheka. Mchumba, unasoma uzeeni? Nikamwambia wachumba wake ni zile redio zilizokufa mezani kwake. Lakini masikio anayo mzee yule. Niliyemwita shorewanda, kumbe chiriku.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu.
Nachambua maharage uani. Mluzi langoni! Tatu za kupanda, moja ndefu ya kushuka. Mluzi wa mwanangu! Aliubuni mwenyewe utotoni, afunguliwe bila kugonga. Ungo nimeutupa, maharage yote mchangani, nimekimbia na magoti haya haya. Nimefungua. Hakuna mtu. Mluzi ukalia tena — juu yangu, mtini.
Ndege. Ndege mshenzi!
Mwanangu alivuka mpaka kutafuta kazi, mkewe akiwa na mimba. Simu ikazimwa, basi. Mjukuu sasa anang'oka meno ya utoto, na anamjua baba yake kwa picha tu.
Mkwe hakusikia. Alishakwenda saluni kusuka watu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemvuta Fundi chini ya mti, bila kumwambia sababu. Kasema huyo ni mwigaji. Anaokota sauti za wengine, hata za simu, hata za watu. Nikauliza, na kama mluzi huo haujapigwa hapa miaka mingi? Kasema labda aliuokota baba yake zamani, mtoto akarithi. Au kauokota mwenyewe juzi juzi. Maana huyu bado mchanga, kasema, kifua kina madoadoa. Wa mwaka huu.
Wa mwaka huu! Basi nani kamfundisha? Baba yake — au mtu aliyesimama langoni, akapiga mluzi, akashindwa kungoja?

Jumatano, 12 Machi
Jumapili seremala mmoja, mgane wa mtaa wetu, analeta watu wake kumposa mkwe. Mimi ndiye niliyemsukuma! Mahakama ilishasema mume kapotea, yeye yuko huru kuolewa. Nilimwambia, mwanangu, usizeekee langoni kwangu, mlinzi mmoja anatosha. Akalia, nikalia, mboga zikaungua.
Sasa ndege huyu. Nikimwambia mkwe, hataolewa. Namjua. Tutakaa wawili tukimsubiri ndege.
Nisiposema — na kama kweli mumewe yuko hapo nje?
Nimemrushia ndege kandambili. Imenasa mtini. Ndege yupo.

Ijumaa, 14 Machi
Leo nimemjibu ndege kwa mluzi. Meno yenyewe ndiyo hayo, umetoka upepo mtupu. Akanyamaza, kama anasikiliza. Nimekaa hapo mpaka jua likaniunguza miguu.
Mwanangu. Kama ni wewe, piga kwa mdomo wako.

Jumapili, 16 Machi
Wageni wamejaa sebuleni. Seremala mpole, vidole vimejaa makovu, mjukuu kamkalia pajani kama kiti chake cha siku zote. Mkwe kapendeza, gauni la kijani, nywele nimembana mimi. Nilikuwa nimewasha redio kwa sauti ya juu, ya uani yasisikike. Ikafa! Fundi na redio zake!
Kimya. Halafu — tatu za kupanda, moja ya kushuka.
Mkwe alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikafika kwenye kitambaa. Akaniuliza polepole, Mama, ndege gani huyo?
Wageni wakanigeukia wakitabasamu. Bibi bingwa wa ndege.
Nikasema: dudumizi.
Dudumizi ni mkwe mwenyewe aliyenifundisha. Kaniangalia, nikaangalia ukuta. Kaweka birika chini.
Nimesingizia dawa ya macho, nimekuja chumbani. Naandika nimesimama. Nasikia viatu vya mkwe vinapita uani. Komeo la lango linavutwa.
Mluzi tena!
Masikio yote haya niliyoyafundisha — na sijui umetoka juu, mtini, au chini, langoni.