Wa Kwanza Kuonja

Mbarara, 3 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Amani ya Bwana iwe hapo nyumbani. Goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, cherehani tu ndiyo inayoumwa, kila siku inakata uzi.

Nimesikia kwamba ule ukumbi wa serikali pale Base Camp, mnakoitwa ninyi wakimbizi kuhakikiwa, utafunguliwa kwa sikukuu ya utamaduni. Ni kweli? Wanyankole, wenyeji wa huku, wataleta nini? Na sisi Warundi je?

Wazazi wa Cassien wameuliza tena lini waje kwako kuniposa. Nimewaambia wangoje nikuulize.

Binti yako,
Clémence

Rubondo, 12 Agosti 2025

Clémence mwanangu,

Salamu nyingi. Goti la mama yako linauma akienda kuchota maji, akisikia ngoma linapona.

Habari hiyo ni kweli. Wametuomba mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, na mama yako ameshaanza kuloweka mtama. Mimi nashangaa tu, pombe yetu ndani ya nyumba ya serikali.

Kuhusu Cassien, sina neno naye. Lakini kupokea wakwe ni kazi ya mwenye nyumba, na mimi hapa ni mgeni, hata kiwanja nimepewa na serikali. Mgeni anapokeaje wageni? Tungoje turudi Burundi. Najua unaumia, na mimi naumia.

Baba yako,
Venuste

Mbarara, 20 Agosti 2025

Baba,

Nawasalimu wote. Barua yako imeniliza, kwa sababu mimi nilizaliwa hapo kambini Rubondo na sijui ninangoja kurudi wapi.

Halafu nikafuta machozi, nikaanza kujiuliza. Kwetu mwenye nyumba huonja pombe kwanza, wageni waone ni salama. Je, mle ukumbini ataonja nani? Serikali haina mdomo. Niandikie yote, usiache kitu.

Mwanao mwenye maswali,
Clémence

Rubondo, 7 Septemba 2025

Mwanangu wa maswali,

Sisi wazima. Mama yako alicheza mpaka akasahau fimbo yake ukumbini.

Swali lako lilinisumbua njia nzima. Wanyankole walileta maziwa na samli, Wakongo ngoma zao. Tulipoweka mtungi katikati, hakuna aliyegusa mrija. Nikamwomba afisa wa serikali aonje, naye akakataa kwa upole.

“Mzee, hii nyumba si yangu. Mimi natoka Kabale, kazi ndiyo ilinileta. Leo serikali imepatia nyinyi. Wewe ndiyo mwenyewe, anza.”

Mle ndani nimezoea kusimama nikingoja jina langu lisomwe. Niliogopa kwamba nikionja, nimeiacha Burundi. Lakini watu walikuwa wamekaa pale, wote kama wageni, na hakuna wa kuwakaribisha. Nikainama, nikanywa, nikasema, “Karibuni.” Afisa akawa wa pili kushika mrija.

Niliporudi nilisimama nje nikaitazama nyumba yetu kwa muda mrefu. Burundi bado naitamani, wala sitaacha. Ila waambie wazazi wa Cassien waje Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Mama yako ameloweka mtama mwingine, na atakayeonja kwanza ni mimi.

Baba yako, mwenye nyumba,
Venuste