Na dada mmoja

Mwenzangu, usinipigie. Niko kwenye choo cha maktaba na sauti haitoki.

Unaikumbuka ile kazi ya kikundi niliyoiandika peke yangu wiki nzima? Leo tumeiwasilisha. Tumesimama mbele, mhadhiri akasoma majina kwenye jalada. Akasoma manne, akasita, akamalizia: "Na dada mmoja."

Na dada mmoja. Imechapwa hivyo hivyo.

Darasa zima likacheka. Nikamnong'oneza kiongozi wetu, yule anayejiita Mwenyekiti, "Ndiyo nini hii?" Hakuona hata haya.

"Sasa wewe huongei, tungejuaje unaitwa nani?"

Tungejuaje! Muhula mzima nakaa nao meza moja. Hiyo kazi yenyewe niliwatumia kwa barua pepe yenye jina langu.

Halafu mhadhiri akauliza jedwali la ukurasa wa sita tulilipataje. Shingo nne zikanigeukia. Mwenyekiti akanisukuma kwa kiwiko, "Sema basi."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikaangalia dirishani. Si mimi siongei?

Mhadhiri akafunga kitabu chake. "Kesho saa nne mje ofisini, mmoja mmoja. Asiyeweza kunieleza, sifuri."

Mimi nitamweleza mpaka nukta ya mwisho, hata kama ni kwa kunong'ona. Wao watajiju.

Sasa hivi Mwenyekiti ananitumia ujumbe wa tano: "Dada, tuelekeze kidogo, sisi ni kitu kimoja."

Dada. Mpaka sasa hajaniuliza jina.