Nne Niliitika Mimi

Jumatatu, Kitale. Mvua imeninyeshea nikienda Bungoma, imeninyeshea nikirudi, na mimi sisikii chochote. Si huzuni, si baridi. Chai imepoa hapa mbele yangu, naiangalia tu.

Sisi watu sita tunaotembeza wageni Mlima Elgon tuna desturi yetu. Tukishuka, tunavua viatu langoni, tunamiminiwa chai, kisha kila mtu anasema alikosea wapi. Huvai viatu kabla hujasema. Nekesa, kiongozi wetu, huongea mwisho. Mlima tumeujua hivyo, kwa makosa yetu wenyewe.

Penye ukungu tunahesabiana kwa sauti, kila mtu na namba yake. Barasa ni nne, mimi ni tano. Barasa naye ni mvivu wa kuitika, jamani, kwa hivyo nimezoea kumwitikia, vile tulivyofanyiana shuleni mwalimu akiita majina. Tunacheka, tunaendelea.

Jumamosi tulipanda wenyewe kukagua njia. Ukungu ukashuka. Nikaitika "nne", halafu "tano". Hata kugeuka sikugeuka.

Barasa alikuwa ameshateleza korongoni, mguu umevunjika. Tulipofika langoni ndipo tukaona hayupo. Tulimpata baada ya saa tatu, anatetemeka, midomo imekauka.

Jana tulikaa kikao bila yeye. Zamu yangu ikafika. Nikasema ukungu ulikuwa mzito.

Nikavaa viatu.

Leo nimemkuta hospitalini Bungoma, nikampa ndizi, akanishukuru sana. Halafu akaninong'oneza: "Ndugu yangu, ati wote mlinisikia nikiitika. Mimi sikumbuki kabisa. Si niliumia kichwa, bana?" Nekesa amemwambia hatapanda tena mpaka daktari aseme kichwa chake ni kizima. Na mlima ndio ugali wa watoto wake.

Nilimwambia apumzike. Mungu wangu, hilo tu ndilo nililoweza.

Mama husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika Bungoma na kurudi, na bado sijalia.

Nimemwandikia Nekesa sasa hivi. Nimemwomba kesho tukae kikao tena, wote, kando ya kitanda cha Barasa. Labda watanitoa kwenye kundi, sijui, na leo siwezi hata kuogopa.

Viatu nitaviacha mlangoni mwa wodi. Nitamwangalia Barasa, si Nekesa, nimwambie kichwa chake hakina shida. Nne niliitika mimi.