Nimechagua Kulipwa Kila Mwaka

Lewisham, London
Machi 2003

Kaka Mghanga,

Salamu kwako na kwa mama. Huku baridi imelegea, na jirani yangu Zein ameniletea mahamri.

Nasikia umeshachagua kiwanja cha kununua kwa fidia ya ajali yangu. Kiache. Wakili aliniuliza, "Unataka fidia yote kwa mkupuo, au kila mwaka maadamu uko hai?" Nikamjibu, "Kila mwaka." Miguu hairudi, kaka. Anayeniogesha na kunivisha atahitaji mshahara hata nikiwa ajuza.

Ulinifokea kwenye simu kwamba nikifa malipo yatakatika nanyi mtakosa. Ni kweli, na nimeshatia sahihi. Basi niombeeni umri mrefu. Mimi nimekusudia kuzeeka sana.

Dada yako asiyeyumbishwa,
Wakio