Basoda ba Kambale ku ekran

Butembo, siku ya tano mangaribi

Eti muchezo unakawia juu mashine ni ya zamani! Kambale, mwenye tunatumika naye ku bureau, anajiita informaticien, fundi wa ordinateur. Mu muchezo wa ordinateur wenye anatengeneza, anataka basoda bengi, maaskari wa vita, batembee ku ekran, lakini kwa kila soda anasoma upya picha ileile ku disketi. Ni sawa mutu wa biashara kwenda mpaka Kasindi, ku mupaka, kuleta sabuni moja, anarudi, anaenda tena. Groupe yenye inatupa umeme inamaliza mazout bure.

Mupumbavu na kravate yake.

Nikamutosha ku kiti. Nikasoma picha mara moja tu, nikaiweka ku mémoire ya mashine, nikaichora pahali pote. Basoda bote bakajaa ku ekran. Nikamucheka.

Mama ya Kambale, mwenye alikimbia vita ya Beni, alikuwa amekuja kumungoja, anasimama ku mulango. Akaniambia:

“Zima, mwana wangu. Kwetu basoda baliingiaka vile vile, bote mara moja.”